Kundi Moja Kati ya Kumi na Matatu: Jinsi ya Kutafuta Ugonjwa wa Betri ya Lithiamu Yenye Seli Nyingi

Mzee mmoja muuza mikate hapa Tanga aliniletea betri ya baiskeli yake ya umeme. "Fundi, naiweka chaji usiku kucha, taa ya chaja inageuka kijani, lakini nikishika njia ya Pongwe inazima ghafla. Na pale kwenye usukani bado inaonyesha mistari miwili!" Alikuwa keshapita kwa fundi mwingine, akaambiwa seli zote zimekufa, anunue betri mpya.

Asubuhi niliifungua nikapima makundi yote 13 ya seli zake. Yote yalisoma kati ya volti 4.16 na 4.17. Kwa kipimo hicho betri ya mzee ilikuwa na afya kuliko ya kwangu.

Hapo ndipo mafundi wengi tunapokosea. Tunapima mara moja, betri ikiwa imetulia, kisha tunatoa hukumu. Betri yenye seli nyingi inapimwa katika hali nne: ikiwa imejaa na imepumzika, ikiwa imebeba mzigo (yaani kitu kinachovuta umeme), pale inapokata, na baada ya kulala siku kadhaa. Kila ugonjwa una hali yake ya kujificha na hali yake ya kujitokeza. Nitaeleza hatua zote kwa kutumia betri ya aina ya mzee yule, maana ndiyo iliyojaa kwenye baiskeli za umeme, na mwishoni nitagusa zile za sola.

Ijue kwanza

Betri inayoandikwa 48V kwenye baiskeli kwa kawaida ina makundi 13 yaliyoungwa kwa mfululizo, na kila kundi lina seli kadhaa zilizoungwa sambamba. Ya mzee ilikuwa na seli nne kwa kila kundi, jumla 52, za ukubwa wa 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Kila seli inajaa kwenye volti 4.2, hivyo betri nzima inajaa kwenye 54.6. Ikishuka hadi volti 3 kwa seli, jumla yake ni 39, na hapo imekwisha.

Seli nne zilizo sambamba zina volti moja, kwa hiyo mita inaziona kama seli moja kubwa. Makundi yaliyo kwenye mfululizo, kila moja lina volti yake, lakini mkondo unaopita ni ule ule. Ndiyo maana kundi dhaifu kuliko yote ndilo linaloamua betri itafika wapi. Likiishiwa hilo, bodi ya ulinzi, ile tunayoiita BMS, inakata umeme wote hata kama makundi 12 mengine bado yana akiba.

Kabla ya kugusa bisibisi

Vua pete, saa na mkufu. Volti 54 haziwezi kukurusha kama umeme wa nyumbani, lakini pete ya dhahabu ikigusa pande mbili za betri inageuka kaa la moto kidoleni. Vaa miwani. Funga bisibisi kwa utepe wa umeme, ibaki ncha tu. Fanya kazi nje au mlangoni penye hewa, juu ya sakafu au meza isiyoshika moto, na weka ndoo za maji karibu. Mchanga unazuia cheche kuruka lakini haupozi. Seli ya lithiamu iliyoanza kuungua inahitaji kupozwa kwa maji mengi ili jirani zake zisiifuate. Moshi wake una haidrojeni floridi, sumu ambayo huwezi kuihimili kwa kujifunga leso. Ukiona moshi mzito, kimbia.

Betri iliyovimba, inayotoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, au iliyo ya moto bila kutumika, haichunguzwi. Inatolewa nje, mbali na nyumba, basi.

Anza na vitu vya bei rahisi

Usifungue betri kabla ya kupima chaja. Iwashe bila kuichomeka kwenye betri, kisha pima ncha zake. Ya makundi 13 itoe 54.6, au pungufu kidogo sana. Nimekutana na chaja iliyokuwa ikitoa 53.0. Taa inageuka kijani vizuri tu, mwenye betri analala kwa amani, lakini kila kundi linaishia kwenye volti 4.08 hivi, na bodi nyingi za kawaida hazianzi kusawazisha makundi mpaka yakaribie 4.2. Miezi inapita bila kusawazishwa, makundi yanaachana taratibu, kisha lawama zinaangukia seli.

Baada ya chaja, angalia fyuzi, plagi na swichi. Huku pwani chumvi ya hewa inakula shaba. Ukiona ukungu wa kijani kwenye plagi, safisha kwanza ndipo uendelee. Plagi iliyoyeyuka ukingoni imekuwa ikipata moto kwa sababu ya kupwaya, na hiyo peke yake inaweza kuifanya baiskeli ikate mlimani.

Sasa pima betri kwenye mdomo wake wa kutolea umeme. Kama mita inasoma 47 lakini ukiunganisha mzigo inaanguka hadi sifuri, usiseme betri imekufa. Mita inakula umeme mdogo mno, kwa hiyo inaweza kuonyesha volti za uongo zinazopenya bodi iliyokwisha kukata. Pima tena huku taa ikiwa imeunganishwa.

Fungua, hesabu, andika

Ukishatoa ganda utaona bodi na plagi yenye nyaya nyembamba, kwa kawaida 14 kwa betri ya makundi 13. Hizo ndizo macho ya bodi, zimeungwa kati ya kundi na kundi, na kwenye ncha mbili za betri. Waya mnene ulioandikwa B- unatoka upande hasi wa betri. P- ndio unaokwenda nje.

Chukua karatasi, andika 1 hadi 13 kuanzia upande wa B-. Pima kila kundi moja kwa moja kwenye utepe wa nikeli unaounganisha seli, si kwenye plagi ya bodi. Kisha pima kwenye plagi nayo. Vipimo hivi viwili vinapaswa kufanana. Visipofanana, huenda seli zako ni nzima na ugonjwa uko kwenye waya. Dalili yake hujulikana haraka: kwenye plagi, kundi moja linasoma juu kupita kiasi na jirani yake chini kwa kiasi kile kile, mathalani 4.05 na 3.45, na kwenye nikeli yote mawili yanasoma 3.75. Waya wa katikati yao umekatika au umeota kutu. Nimeona seli nzuri kabisa zikitupwa kwa ajili ya waya mmoja wa sentimita 10.

Kipimo cha kwanza: imejaa na imepumzika

Chaji mpaka mwisho, acha kwenye chaja saa kadhaa zaidi ili bodi isawazishe, toa, pumzisha usiku kucha, pima. Tofauti ya milivolti 10 au 20 kati ya kundi la juu na la chini ni kawaida. Ikifika 50, fuatilia. Ikipita 100, kuna jambo.

Usawazishaji wa bodi ndogo ni wa polepole: inachoma milivolti za ziada kupitia rezista ndogo, kwa mkondo wa makumi ya miliampea tu. Kundi lililoachwa nyuma kwa ampea-saa 2 (kipimo cha wingi wa umeme uliomo) haliwezi kufikiwa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kundi la chini hapa huenda limechelewa tu. Liandike, usilihukumu.

Betri ya mzee ilipita mtihani huu bila doa.

Kipimo cha pili: mzigo

Huna haja ya mashine ya bei kubwa. Chukua balbu nne za taa kubwa za gari, za 12V na wati 55, uziunge kwa mfululizo. Betri ya 48V itaziwasha kama zilivyo kwenye gari, na zitavuta karibu ampea 4.6 kwa wastani. Betri ikiwa imejaa zilivuta 4.8 kwenye mita yangu. Zinapata moto mkali, kwa hiyo ziweke juu ya bati.

Pima kundi bila mzigo, washa, hesabu sekunde 10, pima tena. Tofauti ya volti ukiigawa kwa ampea unapata ukinzani wa ndani wa kundi. Makundi 12 ya mzee yalishuka milivolti 70 hivi. Gawa kwa 4.8: miliomu 14.6. Kundi la 9 lilishuka milivolti 95, yaani miliomu 19.8.

Tazama uwiano huo. 19.8 kwa 14.6 ni karibu sana na 4 kwa 3. Seli tatu zikifanya kazi ya seli nne, ukinzani unapanda kwa kiasi hicho hasa. Hapo nikaanza kushuku kwamba hakuna seli iliyokufa. Kuna moja iliyokuwa haimo kazini.

Kundi likishuka vibaya zaidi, kwa mara mbili au tatu ya wenzake, kisha likaruka juu mara tu unapozima taa, tafuta kiungo kibovu au seli zilizochoka. Kuvitenganisha viwili hivyo ni rahisi: weka mita kwenye milivolti, ncha moja kwenye kofia ya seli yenyewe, nyingine kwenye nikeli iliyo juu yake, taa zikiwa zinawaka. Kiungo kizuri hakionyeshi hata milivolti moja. Ukiona 5, 10, 30, kiungo kinakula umeme.

Kipimo cha tatu: mpaka ikate

Acha taa ziendelee kuwaka. Kila baada ya dakika 10 zunguka makundi yote na uandike. Usiondoke. Huu si muda wa kwenda kunywa kahawa, maana betri inayokaribia mwisho inaporomoka haraka, na kama bodi ni mbovu haitakata yenyewe. Kundi lolote likishuka chini ya kikomo cha bodi (ya mzee ilikuwa 2.8) na taa bado zinawaka, zima mwenyewe.

Betri ya mzee ilikata baada ya saa 1 na dakika 26. Wakati huo kundi la 9 lilikuwa 2.8, na mengine yote karibu 3.49. Jumla ilikuwa volti 44.7, ndiyo maana usukani ulikuwa ukionyesha mistari miwili: kifaa kile kinasoma jumla tu, hakijui habari za kundi la 9. Zilitoka ampea-saa 6.6. Makundi mengine yalibaki na robo ya uwezo wao.

Hapa weka karatasi zako za vipimo pamoja uzisome kama fundi anayesoma dalili:

Kundi ambalo likichajiwa linawahi kujaa kuliko wenzake, na likitumika linawahi kuisha, limepungua uwezo. Chombo ni kidogo: kinajaa haraka, kinaisha haraka.

Kundi lililo chini betri ikiwa imejaa na chini vilevile ikiisha, uwezo wake unaweza kuwa mzima, ila limeachwa nyuma. Lichaji peke yake kwa chaja ya seli moja ya 4.2 mpaka liwafikie wenzake, kisha subiri. Swali ni kama litarudi chini.

Kundi lililo sawa na wenzake likipumzika lakini linazama mzigo unapowekwa, tatizo ni ukinzani: viungo, au uzee.

Nilipochomeka ncha ya mita kwenye seli za kundi la 9, tatu zilisoma sehemu ndogo ya milivolti. Ya nne iliruka hadi 310. Nikeli ilikuwa imebanduka. Kwa macho ilionekana imekaa vizuri, lakini ukiiinua kwa ukucha inacheza. Barabara zetu mnazijua.

Kipimo cha nne: ilale

Hiki ndicho kirefu, na ndicho mafundi wanakiruka kwa sababu mteja yuko mlangoni. Chaji, sawazisha makundi, kisha chomoa ile plagi ya nyaya nyembamba kutoka kwenye bodi. Pima kila siku saa ile ile kwa wiki mbili. Ukishapita mshuko mdogo wa siku ya kwanza, seli nzima karibu haisogei. Kundi linalopoteza milivolti 5 au 10 kila siku wakati wengine wametulia linavuja.

Kwa nini kuchomoa plagi? Kwa sababu bodi nayo huvuja. Transista ya kusawazisha ikiungua na kubaki ikipitisha umeme, inamwaga kundi moja mchana na usiku. Fundi anabadilisha seli, baada ya mwezi kundi lile lile limeshuka tena, mteja anarudi akiwa amekunja uso. Kundi likiacha kushuka baada ya kuchomoa plagi, bodi ndiyo mwizi. Likiendelea, ni seli ndani ya kundi, na itakubidi ukate nikeli, uzitenganishe zote nne, uziache zilale moja moja ili umjue mhusika. Kata betri ikiwa na chaji nusu, si ikiwa imejaa.

Ukichomoa bodi yote, plagi ya nyaya nyembamba inatoka kwanza, B- baadaye. Wakati wa kurudisha unageuza: B- kwanza, plagi mwisho. Ukikosea mpangilio unaweza kuunguza bodi.

Seli inayovuja usiirudishe kazini hata kama uwezo wake unaridhisha. Kuvuja maana yake ni kwamba ndani kuna njia ambayo haikutakiwa kuwepo, na njia hiyo inaweza kupanuka. Januari 2013 ndege mbili za Boeing 787 zilipata ajali za betri, moja ikiwa imeegeshwa Boston, nyingine ikalazimika kutua Takamatsu, Japani. Betri zao zilikuwa na seli nane tu kila moja. Uchunguzi wa Marekani kuhusu ile ya Boston ulifikia kwamba shoti ilianzia ndani ya seli moja, ikawaka, ikawavuta wenzake.

Bodi yenyewe

Pima kati ya B- na chanya, kisha kati ya P- na chanya, taa ikiwa imeunganishwa. Kwa B- ukipata 47 na kwa P- sifuri, bodi imekata. Iulize kwa nini: kuna kundi lililo chini ya kikomo? Waya wa kusomea umekatika? Kipimajoto kimechomoka? Kama vyote ni sawa, chomeka chaja dakika moja. Bodi nyingi zilizojifunga kwa shoti huamka hivyo. Isipoamka, ibadilishe. Kurukia bodi kwa kuunganisha B- na P- kwa waya ni jambo ninaloliona kila mwezi, na sitaacha kulilaani: ni kumpa mtoto kiberiti kwenye ghala la pamba.

Kuna ubovu wa kinyume ambao ni hatari zaidi kwa sababu hauna dalili: mosfeti, yaani swichi za bodi, zilizoungua na kubaki zikipitisha umeme moja kwa moja. Betri inafanya kazi vizuri, ila ulinzi umekufa. Utalijua hilo katika kipimo cha tatu tu, pale kundi linaposhuka chini ya kikomo cha bodi na taa bado zinawaka.

Betri za sola za fosfati

Zile za lithiamu chuma fosfati, za makundi 16 na 51.2V, zinafuata hatua hizo hizo kwa tofauti moja kubwa. Seli yake inajaa kwenye 3.65, lakini sehemu kubwa ya safari volti inakaa karibu na 3.3 bila kusogea. Makundi mawili yakisoma 3.30 na 3.31, moja linaweza kuwa na asilimia 40 na jingine 70. Katikati mita haikuambii kitu. Pima mwisho wa juu, chaja ikiwa inamalizia, na mwisho wa chini, na kwenye mzigo.

Ukishamjua mgonjwa

Kiungo kilichobanduka kinachomelewa upya kwa mashine ya kuchomelea nukta kwa nukta, si kwa solda. Joto la solda linapenya hadi ndani ya seli. Kwanza sawazisha volti. Seli ya mzee ilikuwa juu ya wenzake kwa 0.31, nikaimwaga kwa balbu ndogo mpaka tofauti ikashuka chini ya 0.05, ndipo nikaichomelea. Kabla ya kuchomelea, jaribu utepe wako: ukwangue kwa tupa, uweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Ukiota kutu, ni chuma kilichopakwa nikeli.

Seli ikiwa ndiyo mbovu, badilisha kundi zima kwa seli zenye uwezo unaokaribiana na ule waliobaki nao wenzake, uliopima mwenyewe. Seli mpya kabisa katikati ya wazee hazikusaidii. Kundi dhaifu linalofuata ndilo litakuwa kikomo kipya. Na ukiuziwa 18650 iliyoandikwa 9900 mAh (miliampea-saa), irudishe dukani. Seli bora za ukubwa huo zinafika 3500 hivi, na zina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50. Ya bandia mara nyingi utaijua mkononi kwa wepesi wake. Seli iliyokaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu usiifufue: shaba ya ndani huyeyuka, na ukichaji inajijenga mahali pasipofaa.

Rudia kipimo cha pili na cha tatu baada ya matengenezo. Betri ya mzee ilikwenda saa 1 na dakika 53, kundi la 9 likashuka sambamba na wenzake mpaka mwisho. Vipimo vyote 13 niliviandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya ganda, pamoja na tarehe, kwa ajili ya fundi atakayelifungua baada yangu.